Je, Akili Yapimika kwa Kibaba?

Wazee wetu wana methali mbili juu ya akili ambazo ukizisikia kwa haraka utadhani zinagombana. Moja yasema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ya pili yasema kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Ya kwanza yatutuliza kwamba hapana aliyenyimwa kabisa. Ya pili yamwonya aliyepewa nyingi asijione amefika. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuzitie methali hizi mizanini, tuone wataalamu wa saikolojia, yaani ile elimu ya nafsi ya binadamu, wamevumbua nini katika miaka mia na zaidi ya kuwachunguza watu waliojaaliwa akili kupita wenzao.

Nimelichagua jambo hili kwa kuwa si la vitabuni tu. Kila matokeo ya mitihani yatangazwapo, utaona katika mitaa yetu mtoto mmoja abebwa juu kwa juu na vigelegele vyapigwa, na nyumba ya pili mwenzake amejifungia chumbani, hataki hata kula. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliwagawa watoto wetu hivyo kwa karibu miaka arobaini. Mtihani huo umeondoka, lakini ile tabia ya kusema "huyu ana akili" na "huyu hana" haikuondoka nao. Basi tuulize: aliyeanza kuipima akili alikusudia nini, na kipimo chake kimesema kweli kiasi gani?

KIBABA CHA KWANZA

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutazama hali ya watoto waliokuwa wakishindwa na masomo. Katika tume hiyo alikuwamo bwana mmoja jina lake Alfred Binet. Mwaka 1905, yeye na mwenzake Théodore Simon wakatoa maswali yaliyopangwa kutoka mepesi hadi magumu: mtoto ataje vitu alivyoviona pichani, arudie tarakimu alizosomewa, aseme mstari upi ni mrefu kuliko mwenziwe. Kusudi la Binet lilikuwa kumtambua mtoto aliyebaki nyuma ili apewe msaada. Wala hakuamini kwamba akili ya mtoto ni chombo kilichokwisha fungwa kifuniko. Mwaka 1909 aliandika kuwapinga waliokuwa na fikira hiyo, na akatunga mazoezi ya kuwanyoosha watoto wazito, kama vile mtu anyooshwavyo mguu uliopinda. Binet alifariki mwaka 1911, na kibaba chake kikavuka bahari kikaingia mikononi mwa watu wengine.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwako Lewis Terman. Mwaka 1916 alikipanua kipimo cha Binet na kukitolea hesabu: umri wa akili ya mtoto hugawanywa kwa umri wake wa kuzaliwa, kisha huzidishwa mara 100. Mtoto wa miaka minane anayejibu kama wa miaka kumi na miwili hupata 150. Mtoto wa wastani hupata 100. Hiyo ndiyo IQ ambayo watu huitaja hadi leo, ingawa namna ya kuihesabu imebadilika.

Mwaka 1921 Terman akaanza kazi ambayo ilikuwa haijawahi kufanywa mfano wake. Wasaidizi wake walizunguka katika shule za California wakiwatafuta watoto wenye akili nyingi, nia yake ikiwa ni kuwafuata maisha yao yote. Waliopatikana mwishowe walikuwa 1,528, wengi wao wakiwa na alama 135 na zaidi. Walimu waliombwa kuwataja watoto wawaonao kuwa hodari, na pia kumtaja aliye mdogo kwa umri darasani. Hapa pana jambo la kuchekesha. Terman aligundua kwamba ukitaka kumpata mwenye akili zaidi, kumchukua tu aliye mdogo kwa umri kulikuwa na bahati nzuri zaidi kuliko kuusikiliza uamuzi wa mwalimu! Sababu yake ni kwamba mtoto mdogo aliyekaa na wakubwa aghalabu ni yule aliyerushwa madarasa, na mwalimu humlinganisha na wakubwa hao akamwona wa kawaida.

Wakati huo watu wengi Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto mwenye akili sana huwa dhaifu wa mwili, mgonjwa-mgonjwa, na ya kuwa tunda liwahilo kuiva huwahi kuoza. Kitabu cha Terman cha mwaka 1925 kiliivunja imani hiyo. Watoto wake walikuwa na afya nzuri, na kwa kimo walizidi kidogo wenzao. Karibu nusu yao walijua kusoma kabla ya kuanza shule. Walikuwa wadadisi, wenye kumbukumbu, wapendao vitabu, na walicheza kama watoto wengine. Kwa upande huu, basi, Terman aliwafanyia wema watoto wa aina hiyo: aliwaondolea sifa mbaya ya kuwa viumbe wa ajabu.

BAADA YA MIAKA

Watoto wale walikua. Wengi wakawa madaktari, wanasheria na walimu wa vyuo vikuu. Lakini wengine, wenye alama zile zile, wakawa makarani na wafanyakazi wa kawaida tu. Na wanawake, ambao katika mizani walikuwa sawa na kaka zao, wengi wao hawakupata milango ya kuingilia. Zama zao hazikuwaruhusu.

Terman na msaidizi wake, Melita Oden, wakataka kujua siri. Baada ya Terman kufariki mwaka 1956, Oden aliendelea, na mwaka 1968 akatoa matokeo ya kuwalinganisha wanaume 100 waliofanikiwa zaidi na 100 waliofanikiwa kidogo zaidi katika kundi lile. Msomaji, alama zao za akili hazikuwa mbali. Kilichowatenga kilikuwa kingine. Waliofanikiwa walikuwa na subira ya kushika jambo hadi mwisho, walijua wanakokwenda, na walijiamini. Tena wengi wao walitoka katika nyumba ambazo wazazi wamesoma, vitabu vimo, na mtoto anahimizwa.

Wazee wetu hawakuhitaji kungojea mwaka 1968 kulijua hilo. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo wengi wetu hapa pwani, inasimuliwa kwamba aliihifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba. Kila mtu huisimulia hifadhi yake. Lakini hebu tumkumbuke na mama yake, mjane asiyekuwa na fedha za kumlipa mwalimu, ambaye hakukubali umaskini umkoseshe mwanawe elimu. Akili ilikuwa ya mtoto. Mlango uliifunguliwa na mama.

WALIOACHWA NJE

Kuna kisa katika habari za Terman ambacho kila mzazi anafaa kukijua. Miongoni mwa watoto waliopimwa wakaonekana hawakufika kiwango, walikuwamo wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili waliachwa nje ya daftari. Shockley akaja kuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956 kwa kuvumbua transista, kile kijidude kilichoifanya redio itoke kabatini ikaingia mkononi, hata mvuvi akaweza kusikiliza taarabu akiwa ndani ya mashua. Alvarez alipewa tuzo hiyo hiyo mwaka 1968, na mwaka 1980 yeye na mwanawe Walter wakatoa hoja kwamba jiwe kubwa kutoka angani ndilo lililowaangamiza wale wanyama wakubwa wa kale waitwao dainosa. Katika wale 1,528 walioingia daftarini, hapana hata mmoja aliyeipata Nobel.

Sikieni basi mwisho wa kisa, kwani una uchungu. Terman, katika kitabu chake cha mwaka 1916, aliandika kwamba uzito wa akili aliouona kwa Wamexico, Wahindi Wekundu na watu weusi yaelekea ni wa asili ya kabila lao. Kipimo cha Binet kilichokusudiwa kumsaidia mtoto kikageuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia watu. Na Shockley, yeye mwenyewe aliyekataliwa na kipimo, tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1989 alizunguka akihubiri kwamba watu weusi wana upungufu wa akili wa kuzaliwa, hata akapendekeza wenye alama za chini walipwe fedha ili wakubali kukatwa kizazi. Mtu aliyeonjeshwa udhalimu wa mizani akaishika mizani ile ile kuwadhulumu wengine! Kama kuna ushahidi kwamba akili nyingi huondoa maarifa, huo watosha.

Jawabu lilikwisha tolewa zamani. Martin Jenkins, mtaalamu mweusi aliyesomea pembezoni mwa Chicago, aliwatafuta watoto weusi wenye akili nyingi katika shule za mji huo, akawapata. Mwaka 1935, yeye na mwalimu wake Paul Witty walichapisha habari za msichana mweusi wa miaka tisa, waliyemtaja kwa herufi B tu, aliyepata alama 200 kwa kipimo cha Terman mwenyewe. Na hapa kwetu Kenya, watafiti waliwapima watoto wa mashambani huko Embu mwaka 1984, kisha wakapima watoto wa umri huo huo mwaka 1998. Alama zilikuwa zimepanda sana katika miaka kumi na minne tu. Damu ya watu haibadiliki kwa muda mfupi namna hiyo. Watafiti walielekeza vidole kwenye chakula bora zaidi, afya, na wazazi waliojua kusoma.

UPWEKE WA ALIYEZIDI

Tusidhani, lakini, kwamba mtoto mwenye akili kupita kiasi hana shida zake. Leta Hollingworth, bibi aliyefundisha huko New York, aliwafuatilia watoto 12 waliopata zaidi ya alama 180. Kitabu chake kilitoka mwaka 1942, miaka mitatu baada ya kufariki kwake. Aliona kwamba mwenye akili nyingi kiasi huishi vyema na wenzake, na mara nyingi ndiye kiongozi wao. Lakini aliyezidi mno huwa peke yake. Ana maswali ya mtu mzima juu ya mauti na haki na Muumba, ilhali mwili wake ni wa mtoto na wenzake wataka kucheza gololi. Darasani huchoka. Hollingworth alikadiria kwamba mtoto wa alama 140 hupoteza nusu ya wakati wake akiwangojea wenzake, na yule wa zaidi ya 170 huupoteza karibu wote. Mtoto wa namna hiyo huweza kuwa mtundu, au mvivu, au akajifunza kuificha akili yake ili apendwe. Tukimwona, twasema amekosa adabu.

Mimi nilisoma chuoni kabla ya kusoma shule, na chuoni tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye simtaji jina kwa kuwa yu hai na ana wajukuu. Maalim akimsomea ukurasa mara mbili, mara ya tatu alikuwa akiusoma yeye kwa ghibu, na irabu hakosei. Maalim alikuwa akituambia, "Huyu Mola amempa hifadhi. Msimhusudu, mfuateni." Asubuhi, kijana huyo huyo alikuwa shuleni akikaa nyuma, kwa kuwa Kiingereza kilimpiga chenga tangu siku ya kwanza, na mwalimu alikwisha mwandika kuwa ni mzito. Baba yake hakuwa na karo ya kuhangaikia mtoto mzito. Akaingia baharini. Leo hii akikutajia majira ya kusi na kaskazi, maji ya bamvua na maji mafu, mikondo na nyota, utadhani amefungua kitabu. Uvuvi ni kazi ya heshima na hajapata kuuonea haya. Lakini yeye hakuuchagua, alichaguliwa. Chuoni alikuwa wa kwanza, shuleni alikuwa wa mwisho, na njia kati ya nyumba hizo mbili ni dakika kumi kwa miguu. Ipi iliyompima kwa haki?

NENO LETU NA NENO LA JIRANI

Swali hilo liliulizwa na wataalamu katika kijiji cha Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15, na mwaka 2001 wakachapisha waliyoyaona. Waliwauliza watoto juu ya dawa za mitishamba: jani gani hutibu minyoo, hutumiwaje, na kwa kiasi gani. Kisha wakawapa mitihani ya maneno ya aina ya shule. Waliojua zaidi dawa walielekea kupata kidogo zaidi katika ile mitihani ya maneno. Watafiti walifahamu kwamba nyumba isiyoona faida ya shule humpa mtoto elimu ya kumfaa kijijini, na saa za hii huliwa na ile. Mtoto anayejua dawa ishirini za kienyeji hawezi kuitwa mjinga. Ameelekeza akili yake pale alipoelekezwa.

Watafiti hao pia waliwauliza Waluo wenyewe, mtu mwenye akili ni yupi? Wakapata maneno manne. Rieko ni ujuzi na uwezo wa kuelewa mambo. Luoro ni heshima na kujali wengine. Paro ni kufikiri na kuanzisha jambo. Winjo ni kusikia na kufahamu. Mitihani ya shule hugusa hasa lile la kwanza. Matatu yaliyobaki hayana karatasi ya kuyasahihisha.

Na sisi Waswahili je? Hatuna akili tu. Tuna fahamu, ambayo ni kulishika uliloambiwa. Tuna werevu, ambao ni wepesi wa kuona njia. Tuna maarifa, ambayo hayaji ila kwa kujifunza na kupitia mambo. Tuna busara, ya kujua la kusema na wakati wa kulisema. Tuna hekima, ambayo ni kuyaweka hayo yote mahali pake. Na tuna ujanja, ambao ni akili iliyokosa adabu. Lugha yetu ilikwisha kuyatenga mambo haya kabla ya kuzaliwa Binet. Methali ile ya akili na maarifa haiitukani akili. Yasema kwamba mwenye kutegemea alichozaliwa nacho huona hana haja ya kutafuta, na asiyetafuta hapati.

MANENO TUWAAMBIAYO WATOTO

Hilo nalo limejaribiwa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano huko Marekani. Watoto walipewa mafumbo wakayafumbua. Wengine wakaambiwa, "Una akili wewe!" Wengine wakaambiwa, "Umejitahidi sana." Neno moja tu, msomaji. Baadaye walipoulizwa wataka kazi ya namna gani, waliosifiwa akili wengi walichagua nyepesi, wasije wakaaibika. Waliosifiwa juhudi wengi walichagua ile ya kuwafunza kitu. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa, halafu wakarudishiwa mepesi. Waliosifiwa akili wakaanguka chini ya walivyoanza. Waliosifiwa juhudi wakapanda. Na walipotakiwa kuandika alama zao kumjulisha mtoto wa shule nyingine, wale wa akili ndio waliodanganya kwa wingi zaidi.

Basi kina baba na kina mama, shangazi na wajomba, nawaombeni mzingatie. Matokeo yakija mazuri, vigelegele na vipigwe, lakini mtoto aambiwe, "Tumeuona usiku uliokesha." Yakija mabaya, asiitwe mjinga mbele ya watu, wala nyuma yao, aulizwe ni wapi palipomshinda, atafutiwe wa kumwelekeza, kama Binet alivyokusudia tangu mwanzo. Mtoto wa kike mwenye kipaji asiondolewe shule kwa kudhaniwa kwamba akili yake ni ya jikoni. Na yule anayeuliza sana hadi akachosha, tusimnyamazishe. Tumpe kitabu, na kama hatujui jibu tumpeleke kwa ajuaye.

Vipimo si vya uongo. Vinamwona mtoto kwa tundu moja, na kwa tundu hilo huona sawasawa. Nyumba ina madirisha mengi. Nami, kwa kuwa mazoea yana taabu, namalizia kwa ubeti mmoja:

Mwana si wa kupimiwa, kwa kibaba cha mchele,
Leo nyuma akikawa, kesho utamwona mbele,
Na mche hunyunyiziwa, ndipo ukazaa tele,
Tunu ulojaaliwa, usiitupe milele.